Majina ya Ndugu kwenye Kadi za Harusi

Kamati ya harusi ya mdogo wangu imenikabidhi kazi ya kuandika majina kwenye kadi za mwaliko za upande wetu, nami nimeona kuwa ndugu wa karibu wanahitaji uangalifu kuliko wageni wa ofisini. Baba mkubwa, ambaye nyumbani namwita "Baba" tu, kwenye bahasha anaandikwa "Mzee" na jina lake kamili, au "Alhaji" ikiwa amekwisha kuhiji, kwa sababu mwaliko unatoka kwa wazazi wetu wala hautoki kwangu. Shangazi aliyefiwa na mume naye anaandikwa kwa jina lake mwenyewe, kwani kumwandikia "Bwana na Bibi" ni kumtonesha kidonda. Binamu waliokwisha kuoa wanapewa kadi zao, hata kama bado wanaishi kwa wazazi.

Jambo gumu zaidi ni kadi ya mtu mmoja na ya watu wawili: ukumbi una viti vyake, lakini kumpa mama mdogo kadi ya mtu mmoja ilhali mumewe yupo, kwa maoni yangu, ni kutafuta ugomvi. Kadi za mababu tutazipeleka kwa mkono, hata kama picha zake zimekwisha kuzunguka kwenye WhatsApp.