Usiikandamize mashine ya masaji: maneno ya kine wa Bukavu

Mtu wa Bukavu, mji wetu wa vilima, halalamikii sana kupanda mlima. Kupanda kunakata pumzi, unasimama kidogo, unaendelea. Kinachomaliza mapaja ni kushuka. Ukitoka soko la Kadutu na mzigo, au ukimaliza futing (mbio za mazoezi) ya Jumapili kwa kuteremka kuelekea ziwani, misuli ya mbele ya paja inafanya kazi ya breki kila hatua: inakaza huku inavutwa. Siku hiyo husikii kitu. Kesho yake unashika ukuta ili ukae kitini, na keshokutwa ndiyo mbaya kuliko zote.

Wengi wananiambia ni asidi imebaki mguuni. Hapana. Hiyo asidi huondoka ndani ya saa moja hivi ukishapumzika. Maumivu ya keshokutwa yanatokana na michubuko midogo sana ndani ya nyuzi za msuli, pamoja na uvimbe unaofuata. Hufika kileleni kati ya saa 24 na 72, kisha hupungua yenyewe. Nayataja mapema kwa sababu ndiyo maumivu pekee ambayo ningekuruhusu kuyapelekea mashine ya masaji bila kuniuliza kwanza.

Mimi ni kine, mtaalamu wa tiba ya viungo. Nakanda, nanyoosha, nafundisha watu kutembea tena baada ya kuvunjika. Siku hizi haipiti wiki bila mtu kufungua mfuko na kutoa ile mashine yenye umbo la bastola: ameletewa na dada yake kutoka Dubai, au ameinunua Kigali, au kwenye duka la Nyawera hapa mjini. Mara nyingi karatasi ya maelekezo iko kwa Kichina tu. (Ukisafiri nayo, iache ndani ya boksi lake. Kwa umbo lile, si kitu cha kuchomoa mfukoni mbele ya askari.)

Mashine yenyewe siichukii. Mwaka 2020 Andreas Konrad na wenzake huko Austria waliwapiga vigimbi wanaume 16 kwa mashine hiyo, dakika 5. Kifundo cha mguu kikapata kukunjika zaidi kwa digrii 5 hivi, na nguvu ya msuli haikupungua. Kwa hiyo inalegeza, na inatuliza maumivu kwa muda. Haiungi msuli uliochanika wala haiondoi ugonjwa, na ndiyo maana nasisitiza jinsi ya kuishika.

Chukua paja, maana ndilo linaloumia hapa kwetu. Kaa kwenye kiti, mguu umelegea, kisigino kiko chini. Weka kichwa cha duara, kile laini, na kasi ya chini kabisa. Mashine nyingi hupiga mara 1,700 hadi 3,200 kwa dakika. Hiyo ya chini inakutosha. Iwashe kwanza, ndipo uiweke juu ya msuli, na usiisukume. Uzito wake wenyewe ni kazi tosha. Ipeleke taratibu, sentimita 2 au 3 kwa sekunde, kutoka juu ya goti kuelekea nyonga. Acha nafasi ya vidole vinne juu ya pia ya goti, usiigonge mifupa. Ukikuta mahali pagumu, tulia hapo sekunde 15 au 20, halafu toka. Dakika moja au mbili kwa msuli mmoja, basi. Tega sikio kwa mota pia: mlio ukishuka na kuwa mzito, ujue umekandamiza. Na ukijikuta unakunja uso au unabana pumzi, punguza.

Hapo ndipo ninapobishana na vijana. Wanabeba mifuko ya simenti mchana kutwa, jioni wanaazima mashine ya rafiki na kuibana pajani kwa nguvu zote. «Yaya, kama haiumi haifanyi kazi!» Inafanya kazi, ndugu yangu, bila kuumiza. Mwaka 2021 madaktari wa China waliandika habari za msichana aliyechoka kwa kuendesha baiskeli, akapigwa misuli kwa mashine hii, kisha akaanza kukojoa mkojo wa rangi ya chai. Nyuzi za misuli zilikuwa zimevunjika, na yaliyomo yakamwagika kwenye damu. Yakifika kwa wingi, figo zinaweza kushindwa. Ni jambo la nadra. Lakini mkojo ukigeuka rangi hiyo baada ya kazi nzito au masaji, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Mguu unaonitia hofu kweli ni kigimbi kimoja kilichovimba. Alikuja kwangu mama mmoja akimleta mume wake: huyo mume ametoka Uvira, amekaa garini muda mrefu miguu imekunjwa. Kigimbi cha kushoto kinamuuma, wakadhani ni msuli umekaza, na mashine walikuja nayo tayari. Niligusa: kilikuwa na joto kuliko cha kulia. Nikachukua futi ya mshonaji, nikapima sentimita 10 chini ya kile kinundu cha mfupa kilicho chini ya goti, mguu huu na ule. Tofauti ilizidi sentimita 3, na hiyo ni moja ya dalili ambazo madaktari huzihesabu wanaposhuku damu iliyoganda ndani ya mshipa. Niliwaambia wasikande, wasipige, waende hospitali wakafanye ekografia, yaani ultrasound. Ilikuwa damu iliyoganda kweli. Donge kama hilo likisukumwa na kuachia, linaweza kupanda hadi kwenye mapafu na kuua mtu. Yule mume alianzishiwa dawa za kuzuia damu kuganda, na kwa muda wote anaozitumia hata mashine ya kasi ndogo simruhusu, kwa sababu anavuja damu ndani kirahisi.

Jambo jingine linahusu familia nyingi za kwetu: watoto na vijana wa SS, yaani wenye ugonjwa wa selimundu. Maumivu yao ya miguu si uchovu. Chembe za damu zimebadilika umbo na kuziba mishipa midogo, mara nyingi ndani ya mfupa wenyewe. Mama akiniuliza kama ampige mwanawe kidogo ili alale, jibu langu ni hapana, mama: mpe maji, mfunike apate joto, mpe dawa aliyoandikiwa, na kama hatulii mpeleke.

Shingo, mbele na pembeni, iache kabisa. Pale panapita mishipa mikubwa inayopeleka damu kichwani. Uti wa mgongo vilevile, nyuma ya goti, kinena, tumbo la mjamzito, mishipa iliyotuna, kifundo kilichoteguka jana. Mwenye sukari ambaye nyayo zake zimekufa ganzi asiiweke miguuni, maana hatasikia inapomuumiza.

Kuhusu kuchaji: tumia chaja yake. Umeme ukirudi usiku usiiache juu ya godoro mkalala. Betri za lithiamu zikipata joto huweza kushika moto. Betri ikivimba, usiichaji tena.

Asiye na mashine asijione amepungukiwa. Mafuta ya kupaka na mikono ya mtu wa nyumbani, dakika chache kila paja, kutoka goti kwenda juu, vinatosha. Na msuli ukishazoea kushuka, safari inayofuata hauumi kama mwanzo. Wale ninaowaandaa nawashusha mteremko mfupi kwanza, nawapa siku mbili tatu za kutembea kawaida, ndipo tunaongeza urefu.