Nimerudi bwawani baada ya miaka 16, dakika 45 mara tatu kwa wiki

Niliogelea toka nikiwa na miaka 11 mpaka 19, timu ya shule, asubuhi na jioni, halafu maisha yakaingia kati nikaacha kabisa. Mwaka jana nikiwa na miaka 35, kazi ya kutwa nzima na watoto wawili wadogo, nikaamua narudi. Naandika hii kwa ajili ya mtu mwenye hamu kama yangu ila akiangalia ratiba yake anaona haiwezekani.

Siku ya kwanza niliingia majini nikaanza fristaili (kuogelea kifudifudi mikono ikipishana) kwa kasi ileile niliyoizoea zamani, maana mwili unakumbuka, mikono inajua pa kupita, sasa shida ni kwamba moyo na mapafu havikumbuki chochote. Mita 50 tu nikashika ukuta natweta, kichwa kinauma, miguu mizito kama imefungwa mawe. Iliniuma sana aisee. Nilikaa pembeni ya bwawa muda mrefu nikiwaza kama nirudi tena au basi.

Nikarudi, ila nikakosea mpango. Kwa kuwa muda sina nikasema nitaenda jumamosi peke yake, saa moja na nusu, nimalize ya wiki nzima kwa mkupuo mmoja. Wiki ya nne bega la kulia likaanza kuuma, nikiinua mkono kuvaa shati nasikia maumivu mbele ya bega. Na kila jumamosi naanza upya, maji nayaona mageni, yaani ile hisia ya kuyashika maji kwa kiganja inapotea haraka sana ukikaa siku saba nje.

Hapo ndo nikabadilisha. Dakika 45 tu, lakini mara tatu: jumanne na alhamisi alfajiri kabla ya kazi, na jumamosi. Jumla ya muda imeongezeka dakika 45 tu kwa wiki ukilinganisha na zile jumamosi ndefu ila tofauti niliiona ndani ya wiki tatu. Kuogelea ni ufundi kwanza nguvu baadae, maji ni mazito kuliko hewa karibu mara 800, kwa hiyo mwili ukikaa vibaya kidogo tu, kichwa juu miguu chini, unatumia nguvu zako zote kusukuma maji badala ya kwenda mbele. Na ufundi unakaa kwa kurudiarudia mara nyingi, siyo kwa kukaa majini mpaka umechoka, ukishachoka unachofanyia mazoezi ni makosa.

Kitu kilichonisaidia kuliko vyote ni pumzi. Nilikuwa naibana uso ukiwa ndani ya maji, halafu nikigeuka nataka kutoa na kuvuta kwa wakati mmoja, haiwezekani, muda hautoshi. Ile hali ya kuhisi unakufa haiji kwa sababu umeishiwa oksijeni, mara nyingi ni hewa chafu imejaa haijatoka. Sasa natoa taratibu kwa pua na mdomo muda wote uso ukiwa chini, nikigeuka kazi ni kuvuta tu. Wiki mbili za kwanza nilifanya hilo karibu peke yake, mita 25, napumzika, mita 25 tena. Nilisikia aibu ya kufanya vitu vya wanaoanza, lakini ilibidi.

Bega nalo lilitibika kwa kurekebisha mkono. Nilikuwa naingiza kiganja dole gumba likitangulia na mkono unavuka mbele ya kichwa upande wa pili, hapo bega linabanwa kila ukipiga. Sasa mkono unaingia mbele ya bega lake, vidole kwanza, na naviringisha mwili mzima. Pia nina mpira wa kuvuta, dakika tano za mabega kila jioni nikiwa naangalia watoto wakifanya homuweki. Kama lako linauma hata ukiwa umelala muone daktari kwanza, usilazimishe.

Ratiba yenyewe ipo hivi: mita 200 taratibu za kupasha mwili, halafu 25 mara nane za ufundi (nne nakunja ngumi, nne mkono mmoja unasubiri mwenzake mbele), halafu kazi kubwa 50 mara kumi napumzika sekunde 15 kila moja, halafu 25 nne za kasi kabisa, namaliza na 200 za mgongo na fristaili polepole. Mita 1200. Zamani hiyo ilikuwa pasha mwili tu, ila nimeshaacha kujilinganisha na yule wa miaka 17.

Spidi ya zile 50 siibahatishi. Nilijipima mita 400 kwa nguvu zote nikapata dakika 8:40, nikapumzika vizuri, nikapima 200 nikapata 4:04. Toa ya pili kwenye ya kwanza unabaki na 4:36, hizo ni za mita 200, gawa kwa mbili ni 2:18 kwa kila mia. Hiyo ndo spidi unayoweza kuihimili bila kufa, kwa hiyo 50 zangu ni 1:09, naangalia saa ya ukutani. Kila wiki ya sita najipima upya. Na nahesabu mara ninazopiga mkono, kwa mita 25 nilianza na 26, sasa 20.

Usiku napanga begi, miwani, taulo na nguo za kazi, naliweka mlangoni. Mwenzangu anashika watoto zile asubuhi mbili na mimi nashika jumapili yote, tulikaa tukakubaliana kabla sijaanza, bila hilo ningeshindwa mwezi wa kwanza. Nikikosa siku silipi kwa kuongeza dakika siku inayofuata.

Kuna jina moja lilinipa moyo sana, Dara Torres wa Marekani, alichukua medali tatu za fedha Olimpiki ya Beijing 2008 akiwa na miaka 41 na mtoto mdogo. Mimi sitafuti hayo. Ila mashindano ya masta, yaani ya waogeleaji watu wazima, yanaanzia miaka 25 na makundi yanakwenda miaka mitano mitano, nikaona kumbe nipo kwenye 35 mpaka 39, kuna watu wa kushindana nao wa rika langu kabisa.

Juzi nimefikisha mwezi wa saba tangu nirudi, mita 400 nimefanya 7:36. Nimejiandikisha mita 200 fristaili, bado wiki tano, na sasa hivi kinachonisumbua ni kugeuka ukutani, ile pindua bado inanipotezea pumzi, kwa hiyo alhamisi zote zilizobaki nimezitenga kwa hiyo.