Shahada ya pili na mifupa ya ng'ombe

Mama alijua shahada ya uzamili ya uhandisi ni kushinda kwenye kompyuta. Jumamosi kanikuta uani nachoma mifupa ya ng'ombe, akauliza kama nimeanza uganga! Ni mradi wa chuo, mama, pale Nelson Mandela, Tengeru. Maji mengi ya huku Arusha yana floraidi nyingi, madini ya asili, ndiyo hayo meno yetu ya kahawia. Mkaa wa mifupa huinasa floraidi hiyo kwenye maji. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Shida ni moto: ukizidi, mkaa unapoteza nguvu ya kunasa, ukipungua, maji yananuka. Yangu yamenuka mara mbili. Mifupa napewa bure na jirani muuza supu, ila naye ameanza kuniangalia vibaya.