Ganda linalopumua

Jumatano, usiku

Picha ya kirusi cha Flock House iliyopatikana kwa kupiga eksirei fuwele za chembe zake inanipendeza, lakini siiamini yote. Kirusi hiki kilitolewa kwa mabuu ya mbawakawa wanaokula mizizi ya nyasi kule Nyuzilandi. Kina RNA (molekuli za maelekezo ya kurithi) mbili tu, ya nyukliotidi, yaani herufi zake, 3,107 na ya 1,400, ndani ya ganda la nakala 180 za protini moja, alfa.

Protini ni moja, ila maungio yake hayafanani. Mahali pengine nakala mbili zimelala bapa, pengine zimepinda. Chini ya ungio bapa pamechomekwa kabari: kipande cha RNA cha nyuzi mbili, jozi kama 10 za besi, pamoja na kimkia cha protini. Pasipo na kabari, ungio hupinda. Yaani mzigo unashiriki kujenga sanduku lake.

Likishajengwa, bado halijawa na makali ya kuambukiza. Lazima kila alfa ijikate kati ya asidi amino zake mbili, asparajini ya 363 na alanini ya 364, zibaki kipande kikubwa, beta, na kijipande cha asidi amino 44, gama. Hakuna kimeng'enya kinachotoka nje. Asidi aspatiki ya 75 ndiyo inayosaidia. Ukiibadilisha iwe asparajini, maganda yanajengeka ila hayajikati.

Mkato huu hauna haraka: nusu ya alfa huchukua saa kama 4. Ukipitisha sampuli mbichi kwenye jeli inayotenganisha protini kwa ukubwa utaona alfa tele na kudhani umeharibu kazi. Iache hadi kesho yake. Gama nayo usiitafute kwenye jeli ya asilimia 10. Uzito wake ni kilodaltoni 4.4 tu, hutoroka chini pamoja na rangi.

Na gama ndiyo itoboayo utando wa seli, asidi ya endosomu, kifuko kinachobeba kirusi ndani ya seli, ikishaligusa ganda, ili RNA ipate njia. Fuwele inaionyesha imejificha ndani kabisa. Lakini mwaka 1998 chembe nzima zilipowekewa kimeng'enya kidogo cha kukata protini, kisha vipande vikapimwa uzito, gama ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizokatwa mapema. Ilikuwa ikichungulia nje na kurudi, ganda likiwa halijavunjika. Fuwele hutoa wastani wa chembe chungu nzima. Mchunguliaji wa kitambo kidogo hapigwi picha.

Tangu hapo neno "ganda" lenyewe linanikwaza. Ganda la yai halipumui hivi.