Mashimo Mawili ya Tinian

Ndege ndogo ilituvusha kutoka Saipan hadi kisiwa jirani cha Tinian, katika visiwa vya Mariana vya Bahari ya Pasifiki, kwa muda usiozidi robo saa, ikatua katika uwanja ambao nao ni mabaki ya Vita vya Pili vya Dunia, na wakati huo uliitwa West Field. Huo ungali unatumika. Mimi nilikuwa nimekuja kuuona ule wa kaskazini, North Field, ambako ndege mbili ziliruka mnamo Agosti 1945 kwenda kuziteketeza Hiroshima na Nagasaki kwa mabomu ya atomiki.

Mwenyeji wangu, mzee wa Kichamoro, yaani wa wenyeji wa asili wa visiwa hivi, aliendesha gari kuelekea kaskazini kwa barabara iliyonyooka iitwayo Broadway. Wanajeshi wa ujenzi wa Marekani waliona kwamba umbo la kisiwa linafanana na Manhattan ya New York, wakazipa barabara majina ya kwao, na majina hayo yamebaki. Pande zote mbili palikuwa na msitu mnene wa mti ambao wenyeji huuita tangantangan, nami nikautambua mara moja kuwa ni mlusina, ule ule ambao wafugaji huupanda kwa ajili ya majani ya mifugo.

Kabla ya vita eneo hili lote lilikuwa mashamba ya miwa. Ujerumani ilivinunua visiwa hivi kutoka Hispania mwaka 1899, ikanyang'anywa na Japani mwaka 1914, na ni Wajapani waliojenga uwanja wa kwanza wa kijeshi kwenye rasi ya Ushi, hapo ilipo North Field. Wamarekani walishuka ufukweni tarehe 24 Julai 1944, wakakiteka kisiwa kwa muda wa siku tisa, na mara vikosi vya ujenzi vya jeshi la majini vikaanza kulipua miamba ya matumbawe, kuiponda, kuisambaza na kuishindilia. Kufikia katikati ya mwaka 1945 palikuwa na njia nne za kurukia ndege, kila moja ikikaribia mita 2,600, zilizopewa majina ya Able, Baker, Charlie na Dog. Kutoka hapa ndege kubwa za mabomu za B-29 zilikwenda usiku baada ya usiku kuichoma miji ya Japani kwa mabomu ya moto, jambo ambalo husahaulika kwa urahisi kwa sababu yale mabomu mawili yamefunika kila kitu.

Tulisimama juu ya Able. Lami imechanika vipande vipande, na katika nyufa zake nyasi zimeota hadi magotini. Niliokota kipande cheupe kilichobanduka chini ya lami, nikaona juu yake vijitundu vidogo vilivyopangika kama nyota, makao ya viumbe wa bahari waliokufa kabla ya kuwapo kwa ndege yoyote. Pembeni limesimama jengo la zege la Wajapani, limetobolewa kwa mizinga, na nondo zake zenye kutu zinaning'inia darini.

Mashimo mawili yaliyotumika kupakilia mabomu ya atomiki yako mbali kidogo na njia, kwenye eneo la kupakilia. Yalifukiwa baada ya vita, yakafukuliwa tena mwaka 2004 na kufunikwa kwa vioo. Yalichimbwa kwa sababu nyepesi kabisa: mabomu yale yalikuwa manene mno kupita chini ya tumbo la ndege. Kwa hiyo bomu liliteremshwa shimoni kwanza, ndege ikarudishwa kinyumenyume mpaka ikasimama juu yake, kisha bomu likainuliwa kwa jeki ya haidroli hadi ndani. Katika shimo la kwanza lilipakiwa lile la urani, lenye uzito wa zaidi ya tani nne. Ndege ya Enola Gay, iliyoongozwa na rubani Paul Tibbets, iliondoka saa nane na dakika 45 usiku wa kuamkia tarehe 6 Agosti, na Hiroshima ikalipuliwa saa mbili na robo asubuhi kwa saa za Japani.

Nilikaa kando ya shimo hilo muda mrefu kuliko mahali pengine popote kisiwani. Sehemu kubwa ya urani iliyotumiwa na mradi wa Wamarekani wa kutengeneza mabomu hayo ilitoka Shinkolobwe, Katanga, nchini Kongo, katika mgodi wa kampuni ya Wabelgiji, ambako wachimbaji Wakongo waliliokota lile jiwe zito kwa mikono bila kuambiwa lilikokuwa likipelekwa. Tani zipatazo 1,200 zilikuwa tayari zimesafirishwa hadi New York mwaka 1940. Nilimweleza mzee kwamba katika nchi ya wachimbaji wale watu huzungumza lugha yangu. Alinyamaza kidogo, akaniuliza kama watoto wao wanajua. Nilimjibu kwamba wengi hawajui, na jibu hilo liliniuma nilipolitamka.

Tuliporudi Saipan alasiri ndege ilipita juu ya North Field. Niliziona njia mbili zikiwa wazi, na nyingine mbili zikiwa mistari hafifu ndani ya kijani cha milusina. Niliyatafuta mashimo kwa macho mpaka tukawa juu ya bahari, sikuyaona.