Waya tuliouacha shingoni mwa bibi

Mimi ni muuguzi wa chumba cha katheta, mirija myembamba inayofika moyoni kupitia mishipa, hapa Uingereza, mzaliwa wa Tanga. Siku ile mgonjwa alikuwa bibi wa Kizanzibari wa miaka 83, vali yake ya aota, mlango wa damu inayotoka moyoni kwenda mwilini, imekakamaa kwa chokaa hata ngazi tano hapandi bila kutweta. Kupasuliwa kifua asingestahimili. Vali mpya ingepitia mshipa wa paja, imekunjwa ndani ya katheta, njia aliyoianzisha Alain Cribier kule Rouen, Ufaransa, mwaka 2002.

Tangu asubuhi karatasi yake ya ECG, kipimo cha umeme wa moyo, ilinisumbua: tawi la kulia la umeme wa moyo lilikuwa limeziba. Umeme huo hupita chini kidogo ya vali ya aota, palepale vali mpya inapobana. Likibanwa na la kushoto, amri ya kupiga haishuki tena vyumba vya chini vya moyo. Siku hizi wengi huuendesha moyo kwa kuutia umeme kupitia waya uleule unaobeba vali, lakini ule huchomolewa kazi ikiisha. Nikamwomba daktari tupitishe waya wa betri ya muda ya kuupigisha moyo shingoni, ubaki naye. Akaguna, akakubali.

Ganzi ilikuwa ya pajani na shingoni tu, kwa hiyo bibi alikuwa macho, akisoma nyiradi zake. Tukauendesha moyo mapigo 180 kwa dakika ili damu isiirushe vali, puto likajazwa, vali ikakaa. Daktari akasema zima. Nikazima.

Vyumba vya juu vinapiga, vya chini kimya. Nyiradi zikakatika.

Nikawasha tena, mapigo 80. Presha ikapanda, bibi akafumbua macho.

“Umenifanyaje, mwanangu?”

“Moyo ulisinzia, bibi. Tumeuamsha.”

Lakini kilichonitoa jasho hasa ni kumhamisha kitanda. Waya ule ukichomoka kidogo, moyo unasimama. Ukisukumwa ndani, unaweza kutoboa ukuta wa moyo, damu ikajaa kwenye mfuko wake na kuubana. Ulishonwa kwenye ngozi, nikaandika sentimita zilizoingia, kisha boksi la betri nikalishika mwenyewe hadi wodini, sikumwachia mtu. Jioni tulipunguza mapigo polepole kuona kama moyo umerudi. Wapi.

Kesho yake akawekewa betri ya kudumu chini ya mtulinga. Nikamweleza yote, akasikiliza hadi mwisho, kisha akauliza kimoja tu: usiku ataichomeka chaji wapi?