Tulivyokuta kaburi kwenye mtaro wa msingi, na kazi ikaisha

Nimechoka kusikia mafundi wakiambiana "ukikuta mifupa mwaga zege haraka, watu wa mambo ya kale wakija watafunga saiti". Mimi niliambiwa hivyohivyo na aliyenipa kazi, sikumsikiliza, na leo madarasa yamesimama na kaburi lipo.

Ilikuwa pwani ya Kilwa. Tumefika kina cha kama mita moja, kijana mmoja akapiga sururu akasema fundi, hili jiwe mbona laini. Nikashuka mwenyewe. Lilikuwa goti. Nikapangusa udongo taratibu kwa brashi ya rangi, nikaona mtu kalazwa ubavu wa kulia, kichwa mashariki, uso kaskazini. Kwetu Kilwa kibla ni kaskazini, kwa hiyo nikajua palepale huyu kazikwa na watu wake kwa heshima zote. Nikatoa watu wote mtaroni.

Nikatoa taarifa kwa mwenyekiti wa kijiji, polisi (lazima wajiridhishe si mauaji), halafu watu wa mambo ya kale.

Kilichoniumiza ni usiku wa kwanza. Niliogopa mvua nikafunika kwa nailoni nzito, nikabana mawe pembeni, nikaenda kulala nimeridhika. Asubuhi saa nne jua limeshakuwa kali, nafunua nakuta jasho linatiririka chini ya nailoni na mifupa imelowa, ukigusa unga unabaki kidoleni, nikasema basi ngoja ipate hewa kidogo, kumbe ndio naharibu zaidi, goti likaanza kupasuka nyufa huku naliangalia. Lilikuwa limekaa salama miaka yote hiyo mpaka nilipofika mimi.

Mama mmoja jirani alikuwa amesimama pembeni, akaenda kwake akarudi na shuka jeupe la pamba, akaniambia mwanangu, mfunike kama mtu. Nikamfunika. Tukachekecha mchanga mkavu usio na kokoto hata moja, tukajaza juu ya shuka kwa mikono, bila koleo, kisha tukapiga kivuli cha makuti. Na kabla ya kujaza nikaweka sarafu ya 500 ya mwaka 2014 juu ya shuka. Hii niliiona nikiwa kijana nabeba udongo kwa wachimbuaji wa mambo ya kale: ukiacha sarafu mpya, atakayefukua baadaye anajua kuanzia hapo kwenda juu ni udongo wa juzi. Wafundisheni vijana wenu hili.

Shanga nazo zilinisumbua. Vijana walishaokota nyekundu na za buluu, wengine wametia mfukoni. Msitoe hela ili warudishe, mtawafundisha kuchimba usiku. Niliwakalisha nikawaambia sheria ya mambo ya kale ya 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa na mtu kabla ya 1863, na hizi zimetoka pembeni ya marehemu. Zikarudi zote jioni ileile. Kosa ni kwamba nilizitia kwenye ndoo moja, na shanga isiyojulikana imetoka wapi haielezi kitu. Tulivyochekecha kifusi kilichobaki kila kipande kilipata mfuko wake na karatasi: hatua ngapi kutoka kwenye mwembe, kina gani.

Mtaalamu wa mambo ya kale alifika siku ya tano. Akapima, akapiga picha, akakaa na wazee na shehe, wakakubaliana asihamishwe. Tukasogeza ukuta hatua nne, nondo chache zikaongezeka na vibarua nikawalipa siku za kukaa bure, jumla labda laki tatu na kitu. Wale wa "watafunga saiti" walikuwa wananitishia hasara ya mamilioni.

Alipofukua mchanga aliikuta sarafu, akaigeuza akasoma mwaka, akaniuliza nani kakufundisha. Nikamweleza. Akairudisha palepale juu ya shuka, akaniambia haya fundi, jaza. Shehe akasoma dua, nami nikajaza kwa mikono.